Majani nilipanda, tope likapita vilevile

Masika iliyopita nilipata aibu ya kujitakia. Shamba letu Mgeta, Morogoro, liko kwenye mteremko, chini kuna kijito kinaenda kuingia Mto Mgeta, na Mgeta unaingia Ruvu, kwa hiyo nyie wa Dar mnaokunywa maji ya Ruvu mjue na kabichi zetu zimo humo kidogo 😅 Basi nikapanda mistari minne ya guatemala, yale majani marefu ya kulisha ng'ombe, kando ya kijito ili yazuie tope, nikapiga picha, nikaweka status, yani nikajiona mtu wa mazingira haswa. Ikaja mvua moja ya usiku, asubuhi nashuka nakuta kijito rangi ya chai ya maziwa.

Baba mdogo alikuja akasimama pale, majani hata hakuyaangalia, akaangalia njia. "Mwanangu, umejenga ukuta ukaacha mlango wazi." Ile njia ya kuteka maji, ambayo na mbuzi wanaitumia, inashuka moja kwa moja toka juu mpaka kijitoni, na tope lote lilipita hapo.

Ila nilipokagua majani yenyewe nikakuta upande wa juu udongo mlaini umejaa, ukichoma kidole kinazama chote. Kumbe yanafanya kazi! Majani hayachuji kama chujio la chai, yanayapunguza maji mwendo, maji yakitulia udongo unatua, na fosforasi ya mbolea ya kupandia kwa sehemu kubwa inasafiri imeng'ang'ania udongo kwa hiyo inabaki na yenyewe. Naitrojeni ni mjanja zaidi, inayeyuka na kupita chini kwa chini, hiyo inategemea mizizi iinyonye, na pale penye majimaji kuna bakteria wanaigeuza gesi inaondoka zake hewani. Lakini yote hayo yanataka maji yaingie yametawanyika. Yakishajikusanya kwenye mfereji mmoja umeumia, hata upande majani mpaka Morogoro mjini.

Sa nikafanya hivi: njia nikaipindisha iende kimshazari, pale ilipokatisha majani nikapanga mawe, na juu kidogo nikachimba kingamaji fupi, yaani mtaro wa kukinga maji na kuyatawanya. Majani tunakata kwa zamu tunampa ng'ombe, hatukati mpaka chini, na hiyo ni faida mbili maana mbolea iliyonyonywa inatoka shambani kwa njia ya lishe. Kuna mtu alinishauri mikaratusi, nikakataa, ule mti unakunywa maji balaa na chini yake nyasi hazisimami vizuri. Mkuyu wa babu upo na utabaki.

Najua kuna mtu atanitajia mita 60. Ni kweli, sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 toka mtoni, na huku kwetu ukipima hizo mita kuna familia zinabaki na nyumba na choo tu. Mi sitetei, nasema hali ilivyo. Kuosha bomba la dawa kijitoni ndo sitaki kabisa kusikia, hilo halihitaji hata sheria.

Juzi imenyesha tena. Kwetu maji yametoka na weupe fulani hivi, siyo chai. Tatizo limebaki mfereji wa jirani wa juu, maji yote ya shamba lake la karoti yanamwagikia kona yetu, nimepanga nimfuate Jumapili baada ya ibada, na baba mdogo awepo maana mimi ataniona mtoto.