Asante, bibi

Leo Jumamosi, na bado ninalo. Nilidhani kufika Jumatano lingekuwa limeniisha lenyewe, kama mafua. Wapi.

Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilikuwa juu ya baiskeli yangu, Shangazi (mnaomfahamu: amebadilishwa cheni, halii tena), daftari za darasa la nne zimefungwa keriani kwa mpira, nimeshika kushoto kwangu kama ninavyowafundisha watoto. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Mara nyuma yangu honi. Siyo ile ya kukwambia nipo, jihadhari. Hii ilikuwa haikatiki, kama dereva kausahau mkono wake pale. Nikageuza shingo: lori la kokoto. Mbele yangu Noah imewasha taa, inakuja. Lami ya pale ukingo wake umemegukameguka kama mkate uliokatwa na mtoto, na kutoka juu hadi chini ni shubiri nzima. Nikapiga hesabu. Lori, Noah na mimi, hatuenei. Nikashuka.

Sikushuka kwa heshima. Gurudumu la mbele lilizama kwenye mchanga uliolowa, nikaruka, mguu mmoja ukaingia dimbwini hadi kifundoni, Shangazi akaniegemea nyongani. Lori likapita na upepo wake, ule unaokusukuma kwanza halafu unakuvuta. Na pale dirishani utingo, nusu ya mwili iko nje, meno yote yanaonekana, akaninyooshea mkono:

"Asante, bibi!"

Hilo ndilo ninalo.

Wiki hii Kulwa na Doto wameanza mtihani wa Kidato cha Nne, upepo umeng'oa mabati ya darasa la tano, na shemeji Mashaka hatimaye kapeleka posa Nzega na imepokelewa, nami nimekaa hapa naandika habari za utingo.

Lakini asante ya nini? Mtu hushukuriwa kwa alichotoa. Mimi nilitoa nini? Nilinyang'anywa. Ni kama mtu akuvute khanga begani sokoni, kisha akugeukie, "Ahsante dada, nilikuwa naihitaji." Angenitukana ingekuwa nafuu. Tusi lina mahali pake, unalijibu au unamwachia Mungu. Asante unaiweka wapi?

Na hilo "bibi". Kwa wanaohesabu, nina miaka 46. Sina mjukuu, na Kulwa akitaka kunipa mmoja kabla ya kumaliza shule tutaonana naye. Najua, huku kwetu mtu anaweza kukuita bibi kwa heshima tu. Lakini kuna bibi ya heshima na kuna bibi ya "huyu hawezi kutukimbiza".

Baba Kulwa nilimsimulia jioni ile ile, akiwa ananoa jembe.

"Sasa hapo kosa liko wapi? Amekuheshimu."

"Kaniheshimu nikiwa dimbwini?"

"Angekutukana je?"

"Ningemjibu."

"Ungemjibuje, na lori limeshafika Kanyenye?"

Akaendelea kunoa. Huyu mwanamume ana kawaida ya kusema kweli wakati haitakiwi.

Sasa kuna jambo ambalo Baba Kulwa sijamwambia, na ninyi mlinyamazie. Nilijibu. Pale pale, kiatu kimejaa tope, Shangazi kaniegemea, daftari arobaini na kitu zinaning'inia upande mmoja, mdomo wangu ukafunguka wenyewe, ukasema:

"Haya baba, karibu."

Karibu! Karibu tena kesho, utanikuta hapa hapa, nitashuka. Ndivyo tulivyolelewa, asante haiachwi ikaanguka chini. Tangu Jumatatu natunga majibu mengine. Nikiwa nachambua mchicha: "Asante ya nini, mjukuu?" Nikiwa nasahihisha: "Usinishukuru, nipishe." La Jumatano usiku lilikuwa zuri sana na asubuhi nikawa nimelisahau. Yote yanafika lori likiwa limeshamwaga kokoto na kurudi tupu.

Basi wiki yote nimekuwa nikibadilisha njia, kama mtu anayekwepa mdai.

Mwenzangu wa Hisabati hupita pembeni, ile njia ya vumbi kati ya lami na mtaro. "Lami ni ya wenye injini," anasema, na amestarehe kabisa na jambo hilo. Jumanne nikamfuata. Kwanza, pembeni hakuna kwenda, kuna kupenya tu. Mama wa vitumbua na jiko lake. Watoto wanne wameshikana mikono njia nzima. Bodaboda anayekuja upande usio wake na anakushangaa wewe. Mbuzi. Na kwa kuwa ni Novemba na miembe yetu haijui barabara ni ya nani, kokwa za maembe kila mahali, na kokwa iliyolowa ukiikanyaga na tairi jembamba huwa haikupi nafasi ya kufikiri. Hayo nayastahimili. Kilichonitisha ni pale vichochoro vinapoingia barabara kuu. Dereva anayetoka mtaani anatazama lami, maana hatari yake yeye iko kwenye lami, na hadi asimame atazame, bampa limeshakaa juu ya njia yangu. Nilifunga breki za ghafla mara mbili kabla sijafika miembe ya stesheni. Kwa hiyo pembeni panakuokoa na anayetoka nyuma, panakukabidhi kwa anayetoka ubavuni.

Mashaka, ambaye ameendesha magari ya watu miaka mingi kabla ya kuanza kupeleka posa, ana falsafa nyingine. Anasema kosa langu ni kujibana ukingoni. "Shemeji, ukijibana, dereva anaona kijinafasi, anapenyeza. Ukikaa hatua moja ndani, hakuna kijinafasi. Anakuhesabu chombo, anasubiri upande wa pili uwe wazi." Nilijaribu Jumatano. Nilidumu miembe mitatu. Kisogo kiliwaka moto kana kwamba mtu ananipulizia kwa mrija, nikarudi ukingoni mwangu. Huenda ana haki, tena naona anayo, ila ushauri huo ametoa mtu aliyekuwa ndani ya bati.

Mpwa wetu aliyeko masomoni Wageningen, Uholanzi, nilimsimulia akanitumia picha. Njia ya baiskeli peke yake, lami nyekundu, imekaa mbali na magari kama wakwe, na kibao cha duara cha buluu chenye baiskeli nyeupe. Anasema ukikiona kibao hicho huna kuchagua, unapita humo, barabara ya magari si yako tena. Nikamuuliza, kwa hiyo huko wamezaliwa na akili? Akasema hapana, shangazi, walizika kwanza. Mwaka 1971 peke yake zaidi ya watu 3,000 walikufa barabarani nchini mwao, zaidi ya 400 kati yao watoto, ndipo wazazi wakaenda kukaa katikati ya barabara wakagoma. Nilikaa na hilo muda. Halafu nikakumbuka Dar, zile njia za baiskeli kando ya mwendokasi, Barabara ya Morogoro, nilizozionea dirishani nilipokwenda kwa dada. Zimejengwa vizuri. Juu yake niliona pikipiki, mitungi ya gesi, matunda, na jamaa amelala. Mwenye baiskeli alikuwa kwenye lami na magari.

Na mimi ndiye mwalimu wa usalama barabarani, msisahau. Jumatano hiyo hiyo nimesimama mbele ya darasa la nne: mwenda kwa miguu kulia, ayaone magari usoni, mwenye baiskeli kushoto, aende pamoja nayo. Kwanini mkono wa yule mtoto wa nyuma huwa juu siku ninazotaka uwe chini?

"Mwalimu, na lori likija nyuma?"

"Unasikiliza."

"Halafu?"

Nusura niseme, halafu unashuka na utashukuriwa.

Alhamisi nikachukua njia ya reli. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na njia ya kando yake naamini ilifika kesho yake, kwa sababu watu hatuwezi kuona kitu kimenyooka tusikifuate. Ni ya mzunguko, inaniongezea dakika kumi na tano, na sehemu za mchanga unashuka unasukuma. Lakini, jamani, asubuhi ile! Majani yamelowa, kanga wa mtu wanakimbia mbele ya gurudumu kama wanafunzi waliochelewa, hakuna honi, hakuna anayenidai nafasi. Niliimba. Kuna kijiteremko pale, nikaachia breki, Shangazi akashika kasi ya ujana wake.

Chini ya mteremko alikuwa anapanda mtu na mkaa. Mnaijua mizigo ile, magunia mawili wima keriani na la tatu limelazwa juu, mwenye baiskeli haonekani, unaona miguu tu. Hakuwa ameipanda, alikuwa anaisukuma, bega lake kwenye gunia. Njia pale inatosha mtu mmoja. Nikapiga kengele. Nikapiga tena. Akaisogeza kwenye majani, pole pole, ikaanza kumwinamia, akaikumbatia kwa mikono miwili kama mtu anayemzuia ng'ombe asilale. Nikapita. Na kwa sauti ya furaha, ya juu, nikiwa sijashika breki:

"Asante, babu!"

Akajibu neno. Sikulisikia, upepo ulikuwa masikioni.

Nilifika mbele kidogo ndipo masikio yangu yakaniletea nilichosema. Nikashika breki, nikageuka. Alikuwa anajaribu kuirudisha baiskeli njiani. Aliivuta mara ya kwanza ikakataa. Mara ya pili. Aliyewahi kusukuma mzigo mlimani anajua, ukisimama katikati umekwisha, ile nguvu ya kuanza tena ni ya siku nyingine. Ningeweza kurudi nikasukuma kwa nyuma, ni dakika mbili. Kipindi cha kwanza kilikuwa changu. Nilisimama nikamtazama hadi ya tatu, ikakubali, nikapanda nikaenda zangu.

Darasani nilishikwa na kicheko ubaoni, nikiandika tarehe, watoto wakacheka na mimi bila kujua wanacheka nini. Kicheko kile hakikuwa kizuri sana.

Tangu hapo utingo kanitoka kichwani kabisa, hata meno yake siyakumbuki vizuri. Kahamia huyu. Alijibu nini? Huenda "karibu". Huenda "mwangaluka", kwa kuwa ndiyo salamu niliyopaswa kuanza nayo mimi, badala ya kengele. Huenda neno lisiloandikika hapa. Nimelijaribu kwa kila namna, lilikuwa fupi, lilianza na mdomo kufungwa. Na nimemjuaje kuwa ni babu? Sikumwona uso, niliona vumbi la mkaa, na vumbi la mkaa humzeesha yeyote. Anaweza kuwa wa rika langu. Anaweza kuwa mdogo wangu, na sasa hivi yuko nyumbani kwake anamwambia mkewe, "Eti babu!", na mkewe anamwambia amekuheshimu.

Jana nilirudi njia ile ile, mapema zaidi, na kwenye mfuko wa kiti niliweka chapati mbili, sijui nilitaka kuzifanyia nini. Hakuwepo. Pale pa Alhamisi majani yamelala bado, tairi limechimba mfereji, na vipande vitatu vya mkaa vimedondoka. Nilikula chapati moja hapo hapo nimesimama. Jumatatu sijui nitapita wapi.

Halafu kuna nyuki. Waliingia juzi kwenye dari la chumba cha mapacha, kupitia pale ubao ulipoachia, kundi zima. Baba Kulwa anasema ni wapitaji, watapumzika na kuondoka, tusiwafukuze kwa moshi watoto wakiwa na mtihani. Kulwa anasema hawasikii. Doto hasemi kitu, na Hisabati hajatuambia ilikwendaje, anasema tu ilikuwa "kawaida". Usiku nimeweka sikio ukutani upande wa sebuleni. Hawajapumzika. Na leo asubuhi kuna doa limeanza kujitokeza kwenye dari juu ya kitanda chake, la rangi ya chai, nimeligusa kwa kidole, linanata.