Kumfuata Kipunji Rungwe

Tulishuka Isongole, kijiji cha Rungwe mkoani Mbeya, alfajiri, baridi ikiuma masikio. Akina mama walikuwa wameshapanga ndoo za viazi kando ya barabara. Mzee wa kutupeleka msituni kumtafuta kima aitwaye kipunji, mwindaji wa zamani, alivitazama viatu vyangu vya mjini, akaguna tu.

Habari za wanyama wa ajabu nazipenda tangu utotoni: lile joka la Loch Ness kule Scotland, au dubu wa Nandi aliyewanyima usingizi walowezi wa Kenya. Miaka nenda miaka rudi, hata mfupa hakuna. Kipunji ni habari nyingine. Wawindaji wa Kinyakyusa walimtaja kila siku, ila mtafiti wa wanyama Tim Davenport na wenzake walipoanza kuulizia walidhani huenda ni mzimu. Mwaka 2003 wakamwona. Mwaka uliofuata watafiti wengine, wasio na habari za wenzao, wakamkuta msitu wa Ndundulu kule Udzungwa, kama kilomita 350 kutoka hapa.

“Mzee, mlikuwa mnamla?”

“Tulimla, mwanangu. Lakini mjanja huyo! Mbega anakaa anakutazama, huyu akikuona kashaondoka.”

Njia ilikuwa tope tupu na matete. Tulipoingia kwenye miti mikubwa iliyovaa kuvumwani, juu kukasikika mlio mzito, kama honi ya lori bovu. Mzee akanishika bega. Kwanza niliona mkia mrefu wenye ncha nyeupe, kisha uso mweusi na shungi la nywele limesimama utosini, utadhani katoka kusuguana na taulo. Akatafuna jani, akanikodolea, akapotea. Nilisahau hata kutoa simu.

Sensa iliyochapishwa 2008 ilikadiria wako 1,117 tu. Na jenasi yake (kundi la kisayansi la spishi zenye undugu), Rungwecebus, mpya ya kwanza kwa kima wa Afrika tangu 1923, ilithibitishwa kwa mzoga wa dume mdogo aliyenaswa na mtego wa mkulima kwenye mahindi. Vinasaba vyake vilionyesha undugu wa karibu na nyani.

Tuliposhuka niliona kunaswa huko kunavyotokea: shamba limegusana na msitu, hakuna hata uchochoro. Mzee aliinama, akafumua kitanzi cha waya wa breki ya baiskeli, akautia mfukoni. Utamfaa kufungia mlango wa banda la kuku, alisema.