Mbwa safarini: linda sponji ya siti kwanza

Manyoya hayaharibu gari. Yanakera, lakini yanatoka. Adui ni unyevu unaozama kwenye sponji: mkojo, matapishi, maji ya bahari aliyorudi nayo mbwa kutoka ufukweni. Toyota Probox, Fielder na Noah nyingi za huku zina siti za kitambaa, na kitambaa hicho hakizuii kitu. Ukifuta juu, harufu imeshalala chini.

Kutandika shuka hakusaidii. Linapitisha maji, na kona mbili tu barabarani linakuwa limejikunja miguuni pa mbwa. Nailoni tupu nayo inateleza. Mbwa akikosa pa kusimama, hukaza kucha.

Nenda kwa fundi wa siti akushonee tandiko la matabaka mawili: turubai chini, kanvasi ngumu juu. Liwe refu kutoka viegemeo vya kichwa vya mbele hadi vya nyuma, lining'inie kama machela na kufunika nafasi ya miguu. Kwa gari la saluni la kawaida ni kama sentimita 140 kwa 150, ila pima gari lako. Mwambie fundi asipitishe mshono katikati, hata wa mapambo. Kila tundu la sindano ni njia ya mkojo, na ndiyo maana matandiko mengi mazuri ya dukani huvuja pale pale mbwa anapolala. Matundu ya vifungio vya mikanda yafunikwe kwa ulimi wa sentimita 10.

Ili lisihame, shona mikanda miwili nyuma na ufunge kila mmoja kwenye kipande cha bomba la plastiki cha sentimita 15. Sukuma vipande hivyo kwenye mwanya kati ya kikalio na mgongo wa siti. Vikilala kingamo havitoki. Kama unavalisha siti za mbele pia, ubavu wenye maandishi ya SRS AIRBAG uachwe wazi, maana mfuko wa hewa wa usalama hufumukia hapo.

Mbwa mwenyewe afungwe kwa mkanda wa kifuani, kamwe si wa shingoni, ulionaswa kwenye kifungio cha gari. Urefu umtoshe kukaa na kulala, usimfikishe mlangoni. Hapo plastiki za milango zimepona. Kucha zikatwe siku mbili tatu kabla, kisha zipigwe tupa, kwa sababu kucha iliyokatwa sasa hivi ina ncha kali kuliko ya jana.

Chakula cha mwisho kiwe saa tatu au nne kabla ya kuondoka. Maji mpe kidogo kidogo, na simama kila baada ya saa mbili. Kwa Nairobi hadi Mombasa, kilomita 480 hivi, usingoje Mtito Andei. Hapo ni kama nusu ya njia, na kibofu hakisubiri.

Mkojo ukifika kwenye siti, usisugue. Kandamiza taulo kavu kwa uzito wako wote, badilisha, rudia mpaka litoke karibu kavu. Mwagia maji baridi, kandamiza tena. Halafu dawa ya vimeng'enya (enzyme cleaner), kwa wingi wa kufika ulikofika mkojo, na funika kwa kitambaa chenye unyevu kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Ikikauka mapema haifanyi kazi. Siki hupunguza harufu lakini haivunji asidi ya yuriki iliyo kwenye mkojo, hivyo joto lenye unyevu la Pwani likirudi, harufu nayo inarudi. Maji moto hugandisha protini kwenye nyuzi. Sabuni yenye amonia humwita mbwa akojoe palepale. Jiki ni mbaya zaidi: hupausha kitambaa, na ikikutana na mkojo hutoa gesi inayochoma mapafu.

Mchanga uache ukauke kabla ya kuunyonya kwa mashine. Manyoya yaliyojichoma kitambaani yakusanye kwa glavu ya mpira iliyoloweshwa kidogo, ukivuta upande mmoja.

Na ikiwa unawapakia Waislamu wa madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa kwao ni najisi ya kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Tandiko linalotoka lote ni heshima kwao.

Ukishasafisha siti, usirudishe tandiko kabla sponji haijakauka hadi ndani. Fungua milango, weka feni, subiri hata siku mbili. Turubai juu ya sponji mbichi huotesha ukungu.