Jinsi mjomba alivyoanza kuhesabu snuka kwa mizani

Nyumbani kwetu Majengo, hapa Goma, hakuna anayependa snuka, ule mchezo wa kugonga mipira kwa fimbo iingie kwenye mifuko ya meza, kumshinda mjomba wangu. Lakini macho yake hayatenganishi nyekundu, kahawia na kijani. Kazaliwa hivyo. Na snuka, kwa anayeijua, ni rangi tupu: mipira 15 myekundu yenye pointi 1 kila mmoja, kisha njano 2, kijani 3, kahawia 4, bluu 5, waridi 6, nyeusi 7. Ukiingiza mwekundu, unafuatisha wa rangi. Wa rangi unarudishwa mezani, mwekundu haurudi. Wekundu wakiisha, rangi zinaingizwa kwa zamu, njano hadi nyeusi. Anayekosa kuona rangi anapotea hesabu mapema sana.

Zamani alikuwa anauliza, "Huo ni upi?" Nasi vijana tunamjibu kwa Kifaransa, maana wengi wetu hapa rangi tunazitaja kwa Kifaransa, macho yetu yakiwa bado kwenye televisheni. Mwaka jana nikagundua kwamba ameacha kuuliza. Anakaa tu nasi, ananyamaza. Jambo hilo liliniuma.

Nilianza kwa kumweleza kwamba si yeye peke yake. Peter Ebdon, Mwingereza, naye ana shida hiyo hiyo ya rangi, na bado alikuwa bingwa wa dunia kule Sheffield mwaka 2002, akimshinda Stephen Hendry 18 kwa 17. Mjomba akatikisa kichwa. Mwaka 2002 kwake ni mwaka ambao lava ya volkano yetu, Nyiragongo, ilishuka hadi mjini na kuchukua nyumba yake. Hii anayoishi sasa kaijenga juu ya lava hiyo hiyo, kwa mawe yake. Akaniambia, "Huyo Ebdon alikuwa na mwamuzi wa kumwambia rangi akiuliza. Mimi nina nani?"

Basi nikaamua kuwa mwamuzi wake. Kutaja rangi pekee hakukusaidia, kwa sababu thamani zake zilikuwa hazimkai kichwani. Nikajaribu matunda, ndizi kwa njano, parachichi kwa kijani, ikawa vurugu zaidi. Wiki mbili zikaenda bure.

Jibu lilikuja usiku umeme ulipokatika katikati ya mchezo. Tuko gizani, binti yake anarudia rangi polepole ili zimkae. Mjomba alifundisha shule ya msingi miaka mingi, na mashairi ndiyo yalikuwa mapenzi yake. Akisikia neno, vidole vyake vinahesabu mizani, yaani silabi zake, bila yeye kujua. Nikasikia vinagonga meza. Nja-no: viwili. Ki-ja-ni: vitatu. Ka-ha-wi-a: vinne.

Tukanyamaza wote. Mbili, tatu, nne. Thamani za snuka zenyewe, zimo ndani ya majina ya rangi ya Kiswahili! Mjomba akarudia mara tatu, sauti ikipanda. Nikawasha taa ya simu ili nione uso wake.

Bluu ikatukwamisha, maana ina mizani mbili tu. Nikatoa "samawati", lakini hiyo ni nne, inagongana na kahawia. Binti akasema, "Si tuseme rangi ya bluu?" Ra-ngi-ya-blu-u. Tano! Na hapo waridi ikajitengeneza yenyewe: rangi ya waridi, sita. Ikabaki nyeusi, saba. Nilisema "nyeusi kama makaa", mjomba akaikata papo hapo: nane, umezidisha. Aliyetuokoa ni mtoto wa jirani, aliyekuwa amekaa mlangoni juu ya jiwe. "Nyeusi kama lava." Saba kamili, na ni neno la hapa hapa petu, tunalolikanyaga kila siku.

Nyekundu ina mizani tatu na thamani yake ni 1. Tukachukua mwisho wake tu. Mpira mwekundu ukiingia, nyumba nzima inaitikia: "Ndu!"

Sasa mimi sisemi "ni wa kahawia, pointi nne". Nasema "kahawia" na hesabu imeshafanyika. Hata mipira mitatu inayopangwa upande wa kuanzia tumeipatia maneno. Ukisimama pale mchezaji anapoanzia, kushoto ni kijani, katikati kahawia, kulia njano. Waingereza wana maneno yao ya kukumbuka mpangilio huo, yanayofuata herufi za kwanza za rangi kwa lugha yao. Sisi tunasema: Kijana kasikia njaa. Ki, ka, nja. Mjomba alisema "kasikia" ni ya watu wa pwani, ila akaipenda, akaiacha.

Kutoka hapo ukazaliwa mchezo wenyewe, ambao sasa majirani wanaujia hata kama hakuna mechi. Mmoja anataja rangi, mwenzake anatoa neno au fungu la maneno lenye mizani zake, na lazima liwe la Goma. Njano: ziwa. Kijani: chukudu, ile skuta yetu ya mbao ya kubebea mizigo. Kahawia: Nyiragongo. Waridi: sambaza wa Kivu, wale samaki wadogo wa ziwani. Ukikosea, mpinzani anapata pointi za rangi hiyo, zisipungue 4, kama faulo ya snuka. Siku moja mzee mmoja alijibu nyeusi kwa "Mlima Nyiragongo" na kijana akabisha kwamba ni sita, eti "m" haihesabiwi. Mjomba akamwambia, "Wewe nyumbani husemi mulima? Husemi mutoto?" Ubishi ukaisha. Kiswahili chetu cha Goma, ambacho wengi hukiona kibovu, ndicho kilichothibitisha kanuni ya ushairi.

Lakini lililonishangaza kuliko yote aliligundua mjomba mwenyewe. Anayetaka kufikisha 147, pointi za juu kabisa za kawaida kwa zamu moja, lazima baada ya kila mwekundu aingize mweusi. Ndu, nyeusi kama lava. Hesabu: moja na saba, nane. Mizani nane ni kipande kimoja cha mshororo wa shairi. Mshororo kamili una 16. Nikamtafutia kwenye simu video ya Ronnie O'Sullivan ya mwaka 1997, ile 147 aliyoimaliza chini ya dakika 5 na nusu. Mjomba akafumba macho, akawa anaghani kila mpira kadiri nilivyomgusa bega. Ronnie ana haraka, mjomba hakuachwa.

Alipomaliza hakuwa na raha. Vipande 15 ni mishororo saba na nusu. Shairi limekatika kabla ya njano, akasema, na yeye hawezi kulala na mshororo mmoja wenye mguu mmoja. Nikamwambia snuka ndivyo ilivyo, tukiongeza kipande kingine si 147 tena.

Siku chache baadaye nilikuta kanuni ya mpira huru. Mpinzani akifanya faulo kabla ya mwekundu wowote kuingia, akakuachia mpira mweupe, ule wa kugongea mingine, umezibwa usiweze kuufikia mwekundu, unaruhusiwa kuchukua wa rangi kana kwamba ni mwekundu: pointi 1, kisha mweusi, 7. Halafu unaanza na wale 15. Ndiyo maana mwaka 2004 Jamie Burnett aliweza kufikisha 148, na kilele kinachowezekana kwa njia hiyo ni 155.

Nilimkuta mjomba uani. Nikamwambia, "Mjomba, kuna cha kumi na sita." Vidole vikaanza kugonga goti. Vipande 16, mishororo minane, beti mbili za mishororo minne minne, hakuna kilichobaki wala kupungua. Kisha njano, kijani, kahawia, rangi ya bluu, rangi ya waridi, nyeusi kama lava.

"Leta kalamu," akaniambia.