Redio inayosema bila kusikia

Jumamosi. Nimeifungua. Ni redio ya mawasiliano ya gari, ya masafa ya VHF (hapa karibu na 145 MHz), wati 40, volti 13.8. Ugonjwa wake ni kwamba inasema lakini haisikii. Kwenye mzigo bandia wa omu 50 (kipingamizi kinachokaa badala ya antena) inatoa wati 38 bila kusita, ila kwenye kupokea namsikia aliye karibu tu, tena kama yuko ndani ya mtungi.

Nimeanzia kwenye spika nikarudi nyuma. Kugusa mguu wa voliumu kwa bisibisi kunaleta mvumo, kwa hiyo kikuza sauti ni kizima. Nikifungua skwelchi, kizuia kelele pasipo na mawimbi, kelele inamwagika kama kawaida, basi hatua ya 455 kHz nayo haina neno. Kristali ya 44.645 MHz inatetemeka. Ndiyo inayoshusha 45.1 MHz, masafa ya kati ya kwanza, hadi 455 kHz, ya pili.

Jumapili. Nilishuku oskileta kuu, ile inayozalisha wimbi la kushusha masafa ya antena hadi 45.1 MHz, iliyofunikwa kikopo cha bati. Nikiweka redio kwenye 145.500 MHz, inapaswa kukaa chini yake kwa 45.1, yaani 100.4 MHz, na hapo ni katikati ya masafa ya FM! Nikasogeza redio ndogo ya mfukoni karibu na kikopo, nikaiweka 100.4: kimya kabisa, maana wimbi tupu la oskileta linaifuta kelele. Nikahamisha redio kubwa hadi chaneli ya mbali, kelele ikarudi. Kipimo cha bure hicho. Oskileta haina kosa.

Jumatano usiku. Basi limebaki eneo la antena. Hakuna relei (swichi ya sumaku) hapa ya kubadilisha kati ya kutuma na kupokea, kazi inafanywa na dayodi mbili za PIN, zinazotumika kama swichi. Ukibonyeza kitufe cha kusemea zote zinawashwa: moja inapitisha nguvu kwenda antena, ya pili inaibana njia ya mpokezi, yaani inaiunganisha moja kwa moja na ardhi. Kati ya antena na hiyo ya pili kuna robo ya wimbi, na mbano ulio mwisho wa robo ya wimbi huonekana upande wa antena kama njia iliyokatika, hivyo nguvu haiendi huko. Robo ya wimbi kwa 145 MHz ni kama sentimita 52, haiingii kwenye boksi, ndiyo maana wameweka koili na kapasita mbili badala yake. Nimekaa nikiitazama kwa muda. Ujanja mzuri sana.

Dayodi ya pili ikishikamana, yaani ikiharibika na kupitisha umeme daima, njia ya mpokezi inabaki milele kama wakati wa kusema. Ndiyo sababu wati zilikuwa sawa! Multimita ilisoma sifuri pande zote mbili, lakini sehemu nyingine za bodi zinaweza kudanganya kipimo, kwa hiyo nikainua mguu mmoja kwanza. Sifuri bado. Na mguu ukiwa hewani, stesheni zikaingia.

Ijumaa. Nimechomelea dayodi ya PIN kutoka bodi iliyokufa ya aina hiyohiyo. Ya kawaida ya kuwasha na kuzima isingefaa, inazima upesi mno, ndani ya mzunguko mmoja wa wimbi. Awali nilihitaji maikrovolti 40 kutoka kwa jenereta ili nisikie kitu, sasa 0.2 inatosha. Wati bado 38.

Masafa ya kutuma yako juu kwa hezi 600. Hilo ni la wiki ijayo, nikipata bisibisi ya plastiki.