Kabeji Katikati ya Kokoto za Dungeness

Aliyezoea mchanga mweupe wa pwani yetu akifika Dungeness, kwenye ncha ya kusini ya Kent nchini Uingereza, anaweza kudhani amepotelea machimboni, kwa kuwa mbele yake ni kokoto tupu, upepo usiotulia na mtambo wa nyuklia uliokwisha kuacha kuzalisha umeme. Hata hivyo, hapo zimeorodheshwa aina zipatazo 600 za mimea, karibu theluthi ya zote zinazopatikana Uingereza.

Mmea ulionipigisha magoti mwezi Juni ni kabeji ya pwani, ndugu wa sukumawiki, wenye majani mazito ya kijani kilichoingia buluu na maua meupe yanayonukia asali. Nilidondoshea jani moja maji ya chupa yangu. Yakajikusanya kama shanga, yakabingirika chini, na jani likabaki kavu. Jani limefunikwa na nta, na nta hiyo hulilinda dhidi ya upepo wa chumvi, huku mzizi mnene ukishuka chini sana kufuata unyevu ambao kokoto za juu, zikaukazo mara tu baada ya mvua, haziwezi kuuhifadhi. Mbegu zake hukaa katika maganda ya duara yanayoelea, hivyo bahari yenyewe ndiyo inayozipeleka shamba jipya.

Ukienda mbali na maji, ambako mawimbi ya dhoruba hayafiki kuzigeuza kokoto, utaona likeni (kuvu na mwani wanaoishi pamoja kama utando juu ya mawe) zimezifunika, na vichaka vya plamu-mwitu ambavyo kwingine husimama wima, hapa vimelala chini kwa kuuogopa upepo. Likeni hukua polepole mno, na alama ya tairi moja (madereva wetu wa magari makubwa wangecheka) hudumu kwa miaka mingi.

Nilipokuwa nikirudi, ndege mdogo wa jamii ya chekeamwezi, mwenye ukanda mweusi kifuani, ambaye aina yake huonekana pia katika fukwe za Afrika Mashariki, alianza kuburuta bawa mbele yangu kana kwamba limevunjika. Hila hiyo humvuta adui mbali na kiota, nami nilikuwa adui. Nilisimama nikatazama chini kwa muda mrefu kabla ya kuyaona: mayai manne yenye madoadoa, yamewekwa juu ya kokoto bila jani wala manyoya, hatua mbili tu kutoka kiatu changu. Nikarudi kinyumenyume, nikikanyaga palepale nilipokwisha kukanyaga.