Kesi ya madai ya hakimiliki haizimi ya jinai, ila huitoboa

Ukiambiwa kesi ya jinai ya hakimiliki itasimama kwa sababu kesi ya madai iko tayari mahakamani, fungua kifungu cha 193A cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai ya Kenya. Suala kuwa mbele ya mahakama ya madai si sababu ya kusimamisha wala kuchelewesha kesi ya jinai. Mlango uliobaki ni mwembamba: Mahakama Kuu huzuia mashtaka yaliyoletwa kumbana mtu alipe. Katika Kuria dhidi ya Mwanasheria Mkuu (2002) ilielezwa kwamba kuwepo kwa mgogoro wa madai peke yake hakutoshi. Ndiyo maana barua ya "lipa kabla ya Ijumaa ama ulale ndani" ni zawadi kwa mshtakiwa.

Ila mashtaka mengi hayafi kwa kusimamishwa. Hufa kwenye ushahidi.

Chukua prodyuza na mwimbaji wanaogombania wimbo. Hati ya mashtaka chini ya kifungu cha 38 cha Sheria ya Hakimiliki inasema tu "wimbo". Wimbo upi? Utunzi una mwenyewe, na rekodi ina mwenyewe: kwa sheria, mtunzi wa rekodi ni aliyefanya mipango ya kuirekodi, na huyo mara nyingi ni aliyelipia studio. Haki ikihamishwa, lazima kuwe na maandishi yaliyotiwa sahihi. Upande wa mashtaka huegemea hati ya kiapo ya mlalamishi kuthibitisha umiliki, na hiyo ni ushahidi wa awali tu, unaoweza kupingwa. Sasa kesi ya madai inamtaka mlalamishi huyohuyo aape tena. Huku amesema wimbo ulikamilika Machi, kule Mei. Wakili wa utetezi anabeba nakala za viapo vyote viwili hadi kwa hakimu, anauliza swali moja, na shaka imeingia. Isitoshe, mkataba unaobishaniwa humpa mshtakiwa ile kinga ya nia njema iliyomo kwenye kifungu hichohicho cha 38: kwamba hakuwa na sababu ya kudhani anakiuka haki ya mtu.

Kwa hiyo linganisheni tarehe kabla ya mtu kuapa popote.

Kompyuta ya studio nayo huleta balaa. Polisi wakishaichukua kama kielelezo, kesi ya madai inabaki bila faili. Omba amri ya kunakili diski nzima mbele ya pande zote, na mtu asifungue faili la mradi wa wimbo "kuangalia tu": akihifadhi, tarehe hubadilika. Nakala iende na cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kile cha ushahidi wa kielektroniki.

Hukumu ya madai haimfungi hakimu wa jinai, kwani mizani ya ushahidi kwenye madai ni nyepesi zaidi. Kinyume chake kina nguvu: chini ya kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi, mtu akitiwa hatiani, muda wa rufaa ukapita na rufaa yoyote iliyokatwa ikaamuliwa, hatia hiyo haibishiwi tena kwenye madai.

Na mkipatana? Kesi ni ya Jamhuri. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma ndiye huiondoa, tena kwa ruhusa ya mahakama. Msiandike kwamba malipo ni ya kufuta mashtaka. Kupokea pesa ili kuficha kosa kubwa ni kosa lingine.